Kakakuona wa Wizara

Nchi ninayoisimulia haipo. Nimeitafuta kwenye ramani zote za wizarani na sikuiona, na ramani za wizara hazikosei. Inaitwa Shwari. Msomaji akiona inafanana na mahali anapopajua, aende akapimwe macho. Kule Shwari macho hupimwa bure kila uchaguzi unapokaribia.

Misitu ya Shwari ilikuwa ikiungua kila kiangazi, na jambo hilo lilimkera Rais. Moto wenyewe hakuweza kuukasirikia, maana hauna cheo na huwezi kuuita ofisini ujieleze. Akawakasirikia wananchi kwa kuuona. Ikaundwa kamati, kamati ikaenda kukaa hotelini kando ya ziwa, na iliporudi ikiwa imenawiri ikasema kwamba kasoro ya mapambano yetu dhidi ya moto ni kukosa mnyama.

Mnyama gani, hapo ndipo palipokuwa na kazi. Simba hakuwezekana, simba ni Rais. Tembo walikuwa naye wapinzani kwenye bendera yao. Sungura ni mjanja, na wananchi wasifundishwe ujanja. Mjumbe mmoja alimtaja fisi, na tangu siku hiyo mjumbe huyo hatujamsikia. Ndipo mtu akasema: kakakuona. Hana meno, hapigi kelele, ana ngozi ngumu, na anatembea ameinama. Wajumbe wakatazamana kwa furaha. Raia waliyekuwa wakimtafuta miaka yote walikuwa wamempata, isipokuwa huyu alikuwa na mkia.

Vazi lake lilishonwa kwa sponji ya godoro. Magamba yalikatwa kwenye matairi ya magari ya zimamoto, ambayo hayakuhitajika tena kwa kuwa sasa tulikuwa na mnyama. Gari moja tu lilibakizwa. Likatolewa tangi la maji likafungwa spika, lizunguke mikoani likipiga wimbo wa Kakakuona. Vijana waliokuwa wakifyeka njia za kuzuia moto walipewa kazi ya kuitikia kiitikio, na nasikia walikuwa na sauti nzuri.

Mgongoni mwa vazi palikuwa na zipu, na kwenye zipu kufuli. Kufuli liliongezwa baada ya Kakakuona wa kwanza kuvua kichwa mbele ya wanafunzi ili anywe soda. Watoto walilia sana. Mkurugenzi wa Wanyama wa Hamasa, Bwana Ngasaru, akasema imani ya taifa haiwezi kutegemea zipu, akalifunga kufuli mwenyewe na ufunguo akauvaa shingoni.

Mimi nilikuwa Mfasiri. Kakakuona wa porini haongei, na serikali yetu inaheshimu sayansi, kwa hiyo wa kwetu naye alikatazwa kuongea. Yeye alifanya ishara, mimi nikasoma kwenye kipaza sauti maana ya ishara hiyo, ambayo ilikuwa imeandikwa wizarani kabla hajaifanya. Sijisifu, lakini nilikuwa mfasiri mzuri. Hata akikohoa nilikuwa na aya yake.

Moto nao ukawekewa utaratibu. Ilikatazwa mtu yeyote kuutangaza kabla ya mnyama. Mnyama atainua mikono miwili, Mfasiri atatafsiri, Mkurugenzi atathibitisha, Waziri atatangaza, na hapo wananchi wataruhusiwa kukimbia, kwa mstari. Atakayepiga kelele nje ya mpangilio huo atashtakiwa kwa kupora madaraka ya mnyama. Sheria ilifanya kazi vizuri ajabu. Tangu ipitishwe, moto haukutangazwa hata mara moja.

*

Ndani ya vazi alikuwamo kijana anaitwa Kasembe, golikipa wa timu ya wizara. Alichaguliwa kwa sababu ni mfupi na alizoea kujirusha chini. Alikuwa mzaliwa wa Itwangi, kijiji cha nyumba za nyasi kilicho kati ya msitu na mto, na mama yake bado aliishi huko. Hakuwa amemwambia mama kazi anayofanya. Alimwambia yuko wizarani, jambo ambalo ni kweli.

Ikapangwa kwamba Siku ya Taifa ya Kutokuwa na Moto ifanyike Itwangi. Itwangi ilikuwa katika jimbo la Waziri wa Misitu, Mheshimiwa Lutengano Fumbwe, na uchaguzi ulikuwa mlangoni. Pia watu wa Itwangi walikuwa na mila iliyoifurahisha wizara. Kwao kakakuona akionekana hapigwi wala haliwi. Huletwa uwanjani, huwekewa kibuyu cha maji, ungo wa unga na mkuki. Akiendea maji, mwaka ni wa mvua. Akiendea unga, ni wa shibe. Akiendea mkuki, kuna vita. Lakini akijikunja mbele ya vitu bila kugusa kimojawapo, watu hawaulizi maswali, wanahama siku hiyohiyo. Hawarudi mpaka ajikunjue, na msomaji wa mnyama hukaa naye mpaka hapo.

Wizara ikaliingiza jambo hilo kwenye ratiba. Kikao kiliamua kwa kauli moja kwamba Kakakuona wa Wizara ataendea unga.

Msomaji wa mnyama pale Itwangi alikuwa Bibi Nyangeta, mama yake Kasembe. Mkurugenzi alimtembelea kabla ya siku yenyewe, akamweleza kwa upole mwingi kwamba mnyama atakayekuja ni wa serikali.

"Tunajua ni mtu ndani ya godoro, baba," Bibi Nyangeta akamjibu. "Sisi si watoto. Lakini nyie ndio mnaomleta uwanjani, nyie ndio mnaomwekea vitu. Akishawekewa vitu, ni kakakuona."

Mkurugenzi akacheka, akaandika kwamba wananchi wameupokea mradi.

*

Siku ilipofika, wizara ilitundika bango la kitambaa, refu kuliko nyumba, kati ya uwanja na msitu. Lilichorwa msitu wa kijani wenye ndege. Msitu wenyewe, ambao ulikuwa mkavu na wa kahawia na ungeharibu picha, ukabaki nyuma ya bango.

Palikuwa na tatizo la mbuzi. Wageni lazima wale nyama choma, lakini Siku ya Kutokuwa na Moto haiwezi kuonyesha moto uwanjani. Wapishi wakaelekezwa waingie ndani ya msitu, mahali penye kichaka kizuri, wachomee huko. Na wakimaliza wasiache makaa wazi, magazeti yasije yakayapiga picha. Wapishi walikuwa watu watiifu. Wakayafunika makaa yao kwa majani makavu, vizuri, hata yasionekane, wakabeba nyama wakaja zao.

Mimi na Kasembe tulikuwa tumesimama nyuma ya bango tukisubiri kuitwa. Upepo ulikuwa unatujia usoni kutoka msituni.

"Kaka," Kasembe akasema taratibu kupitia tundu la mdomo. "Ule si moshi wa nyama."

"Ni wa nyama," nikamwambia.

"Wa nyama unasimama mahali pamoja. Ule unakuja."

Nikatazama. Juu ya miti moshi ulikuwa umetanda, mnene, wa manjano, na chini yake kati ya mashina kulikuwa na mstari mwekundu unaotambaa kwenye nyasi. Nilikuwa naona kitu ambacho kisheria sikuwa nakiona. Kati ya mstari ule na nyumba za nyasi hapakuwa na kitu ila uwanja wenyewe, na uwanjani kijiji kizima kilikuwa kimekaa chini, kimegeuzwa kuelekea bango, kikitazama msitu wa kijani.

"Mama yangu yuko mstari wa mbele," Kasembe akasema.

"Fuata utaratibu," nikamwambia, na nilimaanisha. Niliuamini utaratibu.

Akaufuata. Tulimwendea Mkurugenzi pembeni mwa jukwaa, na Kasembe akainua mikono yake miwili juu kabisa. Bwana Ngasaru akafungua ratiba.

"Kuinua mikono ni baada ya chakula," akasema. "Ishushe hiyo mikono."

"Bwana Mkurugenzi, nyuma ya bango kuna..." Nikatafuta neno ambalo halijakatazwa. "Kuna joto linalotembea."

Akanusa. "Mbuzi," akasema. "Peleka mnyama jukwaani. Mheshimiwa ameshaanza."

*

Mheshimiwa Fumbwe alikuwa ameshaanza kweli. Alivaa suti nyeupe, na sauti yake ilitoka kwenye spika za gari la zimamoto ikafika hadi mtoni.

"Ndugu wananchi! Walikuwapo watu, sitaki kuwataja, waliosema nchi hii inaungua. Leo nawauliza mbele ya mnyama wenu. Nani hapa ameona moto? Anyooshe mkono."

Hakuna aliyenyoosha. Baadhi walikuwa wanakohoa. Kipande cha jivu kilishuka taratibu kikatua begani mwa suti nyeupe, na Mkurugenzi akakipangusa kwa kitambaa. Kikashuka kingine, naye akakipangusa. Waziri akaendelea kueleza jinsi mataifa makubwa yanavyokuja kujifunza kwetu.

Kisha vitu vikawekwa mbele ya jukwaa: kibuyu, ungo, mkuki. Bibi Nyangeta alivipanga kwa mikono yake, akarudi nyuma, akapiga magoti kama ilivyo desturi. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye kanga iliyofifia, na hakumtazama Waziri wala bango. Macho yake yalikuwa kwa mnyama tu.

Kasembe akashuka ngazi. Magamba ya tairi yalikuwa yanagongana kila akipiga hatua. Alipita kibuyu. Akaufikia unga, na Mkurugenzi akaanza kupiga makofi. Nikafungua karatasi yangu.

Kasembe akasimama pale muda mrefu. Najua alikuwa anafikiri nini, kwa sababu na mimi nilikuwa nafikiri hilohilo. Akiugusa unga atarudi na sisi mjini na mshahara wake, na watu wa Itwangi wataendelea kukaa pale na kusikiliza hotuba iishe. Jasho lilikuwa linanitoka hadi karatasi ikalowa.

Akapiga magoti. Akaingiza kichwa kifuani, akavuta mkia miguuni, akajikunja mbele ya mama yake akawa duara la matairi.

Turubai za wageni zilikuwa zikipigwa na upepo.

"Tafsiri," Waziri akaniamuru pembeni ya mdomo.

Nikasoma kilichoandikwa. "Mnyama anasema mwaka huu ni wa neema, na neema hiyo imeletwa na Mheshimiwa..."

Hakuna aliyekuwa ananisikiliza. Bibi Nyangeta alikuwa amesimama. Hakupaza sauti.

"Ondokeni," akawaambia watu wake. "Mtoni, mvuke. Msipitie nyumbani kuchukua vitu."

"Mama, kaa chini," Waziri akasema kwenye kipaza sauti. "Hotuba haijaisha."

"Nakuheshimu, baba. Lakini mnyama akijikunja hatungoji maneno yaishe."

Wakainuka. Wanaume walibeba wazee, wanawake walifunga watoto migongoni. Walinzi wakamtazama kamanda wao, na kamanda akachanganyikiwa, maana sheria ilikataza kukimbia na hawa walikuwa wanatembea.

*

"Mkunjueni!" Waziri akafoka. "Wakiona amejikunjua watarudi."

Hilo lilikuwa kweli, na Kasembe alilijua kuliko sisi sote. Watu wa mwisho walikuwa bado wanageuka nyuma kumtazama. Angefunguka hata kidogo, wangerudi kukaa. Walinzi wanne wakamvamia. Mmoja alivuta mkia, mmoja kichwa, wawili wakaingiza mikono ubavuni. Kasembe alijikaza kama golikipa aliyeulalia mpira. Nilimsikia ndani akigumia. Wakamburuta huku na huku vumbini, na duara halikufunguka.

Ndipo katikati ya bango, kwenye ule msitu wa kijani, pakatokea doa la kahawia. Doa likapanuka, likawa jeusi, likatoboka, na kwenye tundu tukauona msitu wetu halisi ukiwaka toka chini hadi juu. Mlio wake ulikuwa wa kutisha. Walinzi wakamwachia Kasembe wakakimbia bila mstari wowote.

Waziri alikuwa amekwama jukwaani. "Mnyama ameshatangaza?" akamuuliza Mkurugenzi.

"Bado, Mheshimiwa. Hajainua mikono."

"Basi tuondoke kwa sababu nyingine."

Ikapatikana sababu. Kulikuwa na kikao cha dharura mjini kisichohusiana na chochote. Magari yakatoka kwa vumbi, na katika gari la pili akaondoka Bwana Ngasaru na ufunguo wake shingoni.

Uwanjani tulibaki watatu. Nikainama kwenye tundu la mdomo.

"Kasembe, toka. Wameondoka."

"Watu wamefika wapi?"

"Wanaingia majini. Wengine bado wako njiani."

"Wanatazama nyuma?"

"Wanatazama."

"Basi bado. Mama yangu umemwona?"

Sikumjibu, maana mama yake alikuwa amekaa chini kando yake, mkono juu ya magamba, kama mila inavyotaka. Alikuwa amesikia. Mkono ukaondoka, ukarudi palepale.

"Kasembe?"

"Nenda, mama."

"Ni wewe waliyekufungia humu?"

"Nipo kazini, mama. Nenda. Nikisikia umevuka nitatoka."

"Kazini," Bibi Nyangeta akasema. Sijawahi kulisikia neno hilo likitamkwa kwa uchungu namna ile. Kisha akanigeukia. "Wewe unayesemaga. Mfungulie."

"Ufunguo umeondoka na Mkurugenzi, bibi."

"Basi fanya kitu ambacho hukuandikiwa."

Joto lilikuwa linauma masikioni. Nyasi za pembeni mwa uwanja zilishika. Nikaangaza huku na huku, na juu ya meza ya wageni nikaona mto wa kitambaa chekundu, na juu ya mto mkasi wa Waziri wa kukatia utepe. Kugusa mkasi ule ni kosa. Kumchana mnyama wa taifa ni kosa jingine, na sikumbuki adhabu yake kwa sababu haijawahi kufikiriwa. Nikauchukua. Nilikata upande wa tumbo, kati ya gamba na gamba, sponji ikitoka mikononi mwangu vipande vipande, mkasi ukiteleza kwa jasho, na matairi yakianza kunuka. Niliogopa. Niliogopa vibaya sana, na nilikuwa nalia bila kujua.

Kasembe akatoka kwa tumbo, amelowa, macho mekundu. Alitoka taratibu, akilishikilia duara lisifumuke, na mama yake akalisaidia kukaa.

"Liacheni hivyohivyo," akasema. "Libaki limejikunja."

Tulimshika mikono, mmoja huku mmoja kule, tukakimbia. Sikugeuka mpaka maji yaliponifika magotini. Itwangi ilikuwa inaungua yote, nyumba baada ya nyumba, ghala baada ya ghala. Ng'ambo, watu walikuwa wamesimama kwenye matope wakiitana majina. Waliitana mara ya pili. Hakuna aliyekosekana.

*

Redio ilitangaza kwamba sherehe zilifana, na kwamba Itwangi ilipata mwanga mwingi kuliko kawaida. Nilirudi kazini, maana kazi nyingine sijui. Mkasi nikasema umepotea kwenye shangwe.

Lakini kulikuwa na jambo lililomnyima Waziri usingizi. Ng'ambo ya mto ule ni jimbo jingine, na mbunge wake ni wa chama cha tembo. Watu wa Itwangi walikuwa wamejenga vibanda huko na hawakuonyesha dalili ya kurudi. Mheshimiwa Fumbwe alikuwa na jimbo zuri lisilo na mpigakura.

Siku chache kabla ya uandikishaji tukaenda: Waziri, Mkurugenzi, gari la spika, na Kakakuona mpya ambaye magamba yake yalikuwa yanang'aa. Tukasimama ukingoni upande wa majivu. Kakakuona mpya akajikunja, akajikunjua, akanyoosha mikono kwa jua. Akarudia mara kadhaa. Ng'ambo, wanawake waliendelea kupepeta mahindi ya msaada.

"Mmeona?" Waziri akasema. "Amejikunjua. Rudini nyumbani."

Bibi Nyangeta akasogea majini. "Huyo hatukumwekea vitu, baba. Sisi wetu ni yule."

"Yule ameungua, mama."

"Godoro ndilo lililoungua. Yeye yupo hapa."

Watu wakasogea kando, tukamwona Kasembe ameketi juu ya gogo, anakula ugali kwenye sahani ya bati, miguu yake mirefu kuliko nilivyodhani. Waziri akasogea hadi viatu vikaingia maji. Sijawahi kumsikia akiongea kwa sauti ndogo kiasi kile.

"Kijana wangu. Hakuna aliyekukasirikia. Simama tu ujinyooshe, watu wakuone. Nitakupa kitengo. Nitakupa gari."

Kasembe akaweka sahani chini. Akamtazama Waziri, akatazama nyuma ya Waziri mahali palipokuwa nyumba ya mama yake, na nguzo mbili nyeusi zilizobaki zimesimama. Kisha akashuka kwenye gogo, akakaa chini, akavuta magoti kifuani, akakumbatia miguu, akainamisha kichwa.

Waziri akanirushia kipaza sauti, na Mkurugenzi akanipa karatasi. Ilikuwa imeandikwa vizuri, kwa herufi kubwa, kwamba mnyama anawataka wananchi wote warejee kwenye jimbo lao.

"Tafsiri," Waziri akasema.

Nikawasha kipaza sauti. Nikamtazama Kasembe kwa makini, kama mfasiri anavyopaswa, na spika za gari la zimamoto zikaipeleka sauti yangu mbali, hadi kwa watu wa mwisho kule kwenye vibanda.

"Mnyama anasema bado."